Spana ya Don Baldo

Siku hizi pale Lo Canelo gesi inaagizwa kwa simu. Unabonyeza, gari linafika, kijana wa fulana ya kampuni anautua mtungi mlangoni bila hata kukutazama usoni, huyoo kaenda. Hamsalimiani. Hata kutukanana hamtukanani. Baldo ukimuuliza atakwambia hiyo siyo biashara, hiyo ni kutupiana vitu.

Zamani gesi ilikuwa na mwenyewe. Baldomero Quilodrán, mtaa mzima ukimwita Baldo, na alipoanza kuota mvi wakamwekea Don mbele, Don Baldo. Guta la kijani, mitungi sita nyuma, tairi la kushoto linalia kama paka mwenye njaa, na spana moja nzito aliyoachiwa na baba yake. Spana ile haijawahi kufungua nati hata moja. Kazi yake kugonga mtungi. Kang, kang, kang, halafu kimya cha pumzi moja. Kang, kang, kang, kimya. Wauzaji wengine walikuwa na mapigo yao, kuna mmoja alikuwa anagonga hovyo kama anafukuza kuku, lakini matatu na kimya yalikuwa ya Baldo. Mwanamke yeyote wa upande ule wa Santiago angeyatambua hata kama kichwa kimezama kwenye beseni la kufulia.

Na ilikuwepo adabu yake. Mteja akiita dirishani, "Baldo, gesi!", muuzaji hajibu kwa mdomo. Mdomo ni wa muuza samaki. Unajibu kwa chuma: kang, kang, kang. Maana yake nimekusikia mama, nakuja, tuliza roho. Usipojibu, yule mama anajua umemdharau, kesho anamwita mwingine. Baldo aliianza kazi hiyo ana miaka kumi na tisa. Ilifika mahali mkono ukawa unajibu kabla kichwa hakijajua nani kaita.

Shika hapo kwenye mkono. Ndipo penyewe.

Sasa, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi ile ya kuingia hadi kwenye meno, wakaja wanafunzi wawili wa chuo kikuu nyumbani kwake, Njia ya Tisa. Ilikuwa mara yao ya pili. Walikuwa wanafanya utafiti wa maandamano ya zamani, ile miaka ya themanini watu walipokuwa wanadai kura zao na kuwataka askari waliokuwa wanatawala warudi kambini. Mara ya kwanza walikuja wengi, wakakaa ukumbi wa mtaa, wakagawa biskuti, wakauliza maswali ya jumla. Safari hii wamekuja wawili tu, na rekoda.

Mmoja alikuwa Amaro, kijana mrefu kutoka kule juu mlimani kwenye nyumba zenye bustani, ndevu chache, skafu ndefu, maneno marefu kuliko skafu. Mwingine Yessenia Huenupe. Huyo Baldo alimjua tangu anatambaa. Ni mjukuu wa Doña Mireya, bibi wa nyumba ya kona, nyumba ya chura.

Baldo alipomwona mlangoni akasita, mkono kwenye kitasa. Lakini akacheka, akawavuta ndani, akaweka birika kwenye jiko la mafuta ya taa na maganda ya chungwa juu yake ili nyumba inukie.

"Kwanza utasaini hapa, Don Baldo," Amaro akasema, akitoa karatasi. "Ni ridhaa yako."

"Mara ya mwisho kusaini karatasi bila kusoma, mwanangu, nilijikuta nimeoa."

Yessenia akacheka. Baldo akasaini.

"Tungependa kuelewa," Amaro akaanza, rekoda imeshawaka, "muundo wa mawasiliano wa vuguvugu la kudai demokrasia katika ngazi ya kitongoji."

Baldo akamgeukia msichana. "Huyu anaumwa?"

"Anauliza mlikuwa mnapeanaje habari."

"Si angesema hivyo! Unawatesa watu na lugha ya mahakamani, kijana. Kunywa chai."

Na akaanza kusimulia. Akianza Baldo hazimiki. Aliwaambia juu ya siku za maandamano, jinsi saa mbili usiku ikigonga kila mwanamke alikuwa anatoka na sufuria na mwiko, wengine na kifuniko kwa kifuniko, wanapiga. Mtaa mzima unapiga. Unasikia mtaa wa pili nao unajibu, na wa tatu, na ule wa ng'ambo ya reli, mpaka Santiago yote inalia kama jiko la mama mwenye hasira. Wanaume wanachoma matairi kwenye mdomo wa njia. Umeme umekatwa, moto tu ndio unaonyesha sura, na kila sura ni nzuri, hata ya Ercira aliyekuwa na meno mawili. Aliwaambia juu ya sufuria la mtaa, pale jikoni kwa padri, kazi zilipokuwa hakuna. Kila nyumba ilikuwa inaleta ilichonacho, huyu maharage, yule kipande cha boga, yule hana kitu analeta kuni, na saa saba mchana watu mia wanakula sahani moja moja. Maharage yale yalikuwa na mawe. Mpaka leo Baldo akila maharage safi anaona kama yamepungukiwa kitu.

"Tulikuwa tunaogopa sana," alisema. "Lakini usiulize kama nilikuwa na furaha. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na kila mlango wa njia hii ulikuwa wangu. Leo nyote mna funguo tatu tatu."

"Na ile alama ya gesi," Yessenia akasema, taratibu.

Birika likaanza kuimba. Baldo akainuka kuliondoa, akachelewa makusudi.

Alama ya gesi aliibuni Nibaldo. Nibaldo Reinoso, fundi viatu, miaka ishirini, mwembamba kama uzi wa kushonea, ndiye aliyekuwa akiwapanga vijana wa njia hiyo. Siku moja jikoni kwa padri, anamenya viazi, akamwambia: "Baldo, tukigonga kengele ya kanisa askari watajua ni ishara. Tukipiga mluzi watajua. Ila wakisikia gesi, watadhani gesi." Wakakubaliana. Baldo atazunguka na guta kama kawaida. Askari wakiingia, agonge mfululizo bila kupumua, kang-kang-kang-kang, watu wajifungie. Njia ikiwa nyeupe, agonge yake ya siku zote, matatu na kimya, watu watoke. Asipogonga kitu, kila mtu abaki alipo, asubiri. Rahisi. Alama hiyo ilifanya kazi mara sita, na mara zote sita askari walipita wanauliza bei ya mtungi.

"Mara ya saba," Yessenia akasema, "ni tarehe tisa Agosti, themanini na nne."

Akafungua begi akatoa karatasi kubwa ya miraba, akaitandaza mezani juu ya makombo ya mkate. Ilikuwa Njia ya Tisa yote, imechorwa kwa penseli. Hapa kanisa, hapa duka la mikate, hapa kizuizi cha matairi, hapa nyumba ya kona. Na pembeni saa na dakika, kwa mwandiko mdogo mzuri.

"Nimezungumza na watu kumi na saba," alisema. "Kila mmoja kwa wakati wake. Wote wanasema saa kumi na mbili na nusu, giza linaingia, walikuwa wamejificha, wanasubiri. Wote wanasema walisikia gesi. Matatu na kimya. Nibaldo akatoka nyuma ya kanisa. Askari wakatokea nyuma ya duka la mikate, wakamkamata." Akaweka kidole kwenye nyumba ya kona. "Halafu wote kumi na saba wanasema bibi yangu ndiye aliyewaita. Kwa sababu alikuwa na simu, na walimwona dirishani anaongea. Hakuna hata mmoja, Don Baldo, aliyeyaweka haya mawili meza moja."

Baldo aliiangalia ile karatasi. Alitaka kumwagia chai, na alikasirika kweli, ile hasira yake ya ujana iliyokuwa ikimfanya arushe ngumi kwanza aulize baadaye. Nani kawatuma? Mtu na uzee wake, na kumbukumbu zake nzuri, mnakuja kumchorea miraba?

Simu ile Mireya alikuwa anaulizia hospitali ya mji wa Talca, dada yake kalazwa. Alisema hivyo kesho yake asubuhi, akasema na kesho kutwa, akasema mwaka mzima. Nani amsikie? Kufika saa nne asubuhi mtaa ulikuwa umeshahukumu. Kule mnoko, mtu wa kuchongea wenzake kwa askari, anaitwa chura, na usiku huohuo mtu alimchorea Mireya chura wa kijani ukutani, mkubwa, macho yametoka. Akapaka chokaa. Mvua ikinyesha chura anachungulia. Akapaka tena. Miaka thelathini na tano anapaka, na kila masika chura anarudi. Watu wakaacha kununua kwake nyuzi na sindano. Wakaacha kumkaribisha misibani. Muuza gesi hata mmoja hakutaka kusimama mlangoni kwake.

Isipokuwa Baldo. Yeye alimpelekea, kila wiki mbili, kwa mlango wa nyuma upande wa mabanda ya kuku, bila kugonga mtungi, kimyakimya kama mwizi. Alijiambia hiyo inatosha.

Na Nibaldo? Miezi mitano ndani, akatoka hana kucha mbili, wakampakia ndege ya Sweden na jina lake likawekwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kurudi. Mama yake alikufa anamtazamia. Hata orodha ilipofutwa hakurudi, alishazaa kule. Kila Krismasi analeta kadi yenye theluji. Zipo ukutani kwa Baldo, zimepangwa kwa misumari. Zote zinaanza hivyohivyo: Ndugu yangu wa chuma.

"Mimi nina dhana," Amaro akasema ghafla. Macho yalikuwa yanang'aa. "Samahani, Yesse. Inawezekana askari waliijua alama. Wakamleta mtu wao na mtungi, akaigiza mapigo ya Don Baldo. Mtego! Imewahi kutokea sehemu nyingine, nimesoma. Don Baldo, inawezekana?"

Hapo mlango wa kutorokea ulifunguka. Mpana kabisa, kijana wa watu kaushikilia mwenyewe. Baldo alikuwa na kazi moja tu, kutikisa kichwa aseme ndiyo, inawezekana, nami siku zote nimeshuku hivyo. Ingeandikwa kwenye kitabu. Angeonekana hata shujaa aliyeibiwa mapigo yake.

"Inawezekana," akasema. Sauti ilitoka yenyewe.

Amaro akaandika haraka. Yessenia hakuandika. Alikuwa ameshika penseli kama mtu anayetaka kuivunja.

"Na hiyo alama," akasema, "askari wangeijuaje?"

"Basi hapo lazima kuna aliyewaambia," Amaro akajibu huku akiandika. "Mtu wa humuhumu ndani, mwenye njia ya kuwasiliana na..." Akaona anakokwenda. Masikio yakamwiva mekundu. "Samahani, Yesse."

"Mwenye simu," Yessenia akamalizia.

Maganda ya chungwa yalianza kuungua, hakuna aliyeyatoa.

Baldo akatazama ule mkono wa kulia, umelala mezani juu ya barabara ya penseli. Mkono mnene, kidole cha shahada kimepinda kwa kushika spana.

"Niletee hiyo spana hapo nyuma ya mlango," alimwambia Amaro. "Na wewe Yessenia, mwanangu, hiyo rekoda iache iendelee. Usiizime hata nikikuomba."

Amaro akaileta kwa mikono miwili. Baldo aliipakata kama mtoto.

"Nilikuwa hapa," akasema, akiweka ncha ya spana kwenye karatasi, uchochoroni baina ya kanisa na nyumba ya Ercira. "Niliwaona. Lori lilikuja limezima taa, likapaki nyuma ya duka la mikate. Niliwaona wanashuka, nikawahesabu kofia. Na mimi nimeganda. Natakiwa nigonge mfululizo, mkono haunyanyuki, nimekuwa jiwe. Nikajiambia haidhuru, nisipogonga watabaki ndani, nao askari watachoka wataondoka. Si ndivyo tulivyokubaliana? Nasubiri. Nibaldo namwona kule nyuma ya kanisa, ananitazama, anasubiri chuma changu.

"Ercira akafungua dirisha juu ya kichwa changu. Ana mtoto mchanga anakohoa, jiko limemzimikia. 'Baldo,' ananong'ona, 'Baldito, gesi, mtoto atakufa na baridi.'"

Akapiga kwa spana ukingo wa meza, kidogo tu. Matatu. Kimya.

"Nilimjibu mteja," akasema. "Hivyo tu. Askari ishirini mbele yangu na mimi nimemjibu mteja. Niliposikia kang ya tatu ndipo nikajua ni mimi. Nibaldo akanipungia mkono, akatoka anatembea katikati ya njia kama bwana harusi."

Amaro alikuwa analia waziwazi kama watu wa kule juu wanavyolia, bila kujificha. Yessenia hakulia.

"Asubuhi niliamka nikaseme," Baldo akaendelea. "Haki ya Mungu. Nafika duka la mikate, nakuta watu wanasema Mireya. Wamekubaliana wote. Nikasema ngoja wapoe. Kesho. Kesho yake chura yuko ukutani. Nikasema..."

"Mama yangu alipigwa mawe shuleni," Yessenia akasema. "Ana miaka tisa. Anaitwa kiluwiluwi. Don Baldo, unajua kiluwiluwi ni nini?"

"Najua."

"Ulikuwa unatuletea gesi. Unanipa peremende."

"Ndiyo."

"Peremende za asali!" Sauti ikapanda ikakatika. Akaikunja ile karatasi, akaikunja tena, akashindwa kuiingiza kwenye begi.

Baldo alisimama. Goti likalia. Akavaa koti, akaichukua spana, akatoka nje kwenye banda akalivuta guta. Lilikuwa na mtungi mmoja tu, uliojaa, siku hizi hauzi zaidi ya miwili mitatu kwa wiki, kwa vikongwe wasiojua simu. Wanafunzi wakamfuata nyuma. Hakuna aliyewaita.

Alizunguka kwa nyuma, kwenye mabanda ya kuku, mkono umezoea. Akabisha. Doña Mireya alifungua, miaka themanini, mdogo, msafi, aproni imepigwa pasi.

"Leo siyo siku yangu, Baldo." Akamwona mjukuu. "Kuna nini? Nani kafa?"

Akamwambia. Palepale mlangoni, kuku wanamdonoa viatu. Alisema kwa maneno machache kuliko aliyotumia kwenye rekoda, mengine yalishamkauka.

Bibi hakupiga kelele. Alishika kitasa cha mlango. Aliangalia kuku, akaangalia mtungi, akamwangalia Baldo kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta bei kwenye kitu.

"Mimi nilikuwa nakuombea," akasema. "Kila Jumapili. Nasema Mungu, katika njia hii nzima umeniachia mtu mmoja tu anayeniamini. Mlinde huyo. Kumbe hukuwa unaniamini, Baldo. Ulikuwa unajua!"

"Doña Mireya..."

"Kelele! Usiniite!" Sasa sauti ikapanda, na ilikuwa sauti ya zamani, ile ya kupiga sufuria. "Umekuja kuniambia mimi, kwa nini? Mimi nilijua siku zote sikumpigia askari simu. Nahitaji kuambiwa na wewe? Unakuja mlango wa nyuma, unanong'ona, unataka nikwambie pole kaka yangu, nenda kalale? Waambie wao! Toka kwenye kuku wangu!"

Mlango ukafungwa. Kuku wakaruka.

Baldo alibaki pale. Yessenia akamtazama, akangoja. Hakumsukuma, lakini hakumpisha pia. Mzee akaligeuza guta.

Aliliegesha katikati kabisa ya Njia ya Tisa, pale palipokuwa na kizuizi cha matairi. Saa kumi alasiri, jua jembamba, televisheni zinapiga mpira kila nyumba. Akainua spana.

Kang, kang, kang. Kimya.

Miaka mingi njia ile haikuwa imesikia sauti hiyo, siku hizi alikuwa anabisha mlango tu kama posta. Kang, kang, kang. Pazia likasogea. Kang, kang, kang. Akatoka mmoja na kandambili, akatoka mwingine na kikombe cha chai mkononi, wanacheka.

"Don Baldo! Umerudi kazini, mzee?"

"Kampuni imekufukuza kabla hujaajiriwa?"

"Jamani, nisikilizeni, nataka kulia mie! Ikilia hiyo, mama alikuwa ananituma nimkimbilie Baldo."

Ercira akatoka akiwa na mkongojo, meno bandia yote kinywani, kafunika mabega kwa shali. "Baldito," akasema, "hiyo sauti bwana! Nasikia harufu ya mafuta ya taa na maharage. Nasikia nina miaka thelathini."

Na kwa muda mfupi ilikuwa hivyo kweli. Watu ishirini, ishirini na tano, wamesimama kwenye baridi wakiangaliana na kutabasamu kama waliofumaniwa, milango yote iko wazi nyuma yao. Baldo aliwatazama. Alikuwa ameitamani picha hiyo miaka yote, na sasa anaipata, na lazima aivunje kwa mdomo wake mwenyewe.

"Siuzi gesi," akasema. "Tarehe tisa Agosti aliyegonga ni mimi. Askari nimewaona, na nikagonga matatu na kimya. Mireya hakumwita mtu. Ni mkono wangu huu. Na asubuhi yake nilinyamaza, na miaka yote hii nimenyamaza. Huko kunyamaza hakukuwa mkono, nilikuwa mimi."

Mtu mmoja akacheka, akidhani utani. Akaacha kucheka. Mwenye kikombe akaiacha chai imwagike. Ercira alikuwa anafungua na kufunga mdomo. Yeye peke yake alikuwa anakumbuka dirisha.

"Nilikuita mimi," akasema polepole. "Baldo. Ni mimi niliyekuita."

"Wewe ulikuwa na mtoto anakohoa, Ercira. Usijitie humu."

Mwanamume mmoja wa nyumba ya tatu, aliyekuwa kijana wa kwenye kizuizi cha matairi siku ile, akatema mate chini, karibu sana na guta. "Nilimchora mimi huyo chura," akasema, na hakujua akasirike na nani, akaingia ndani akaubamiza mlango. Wengine walibaki. Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Televisheni fulani ikapiga kelele za goli, hakuna aliyegeuka.

Amaro alikuwa ameishika rekoda juu. "Nibaldo ana simu," akanong'ona. "Tulizungumza naye mwezi uliopita kwa ajili ya utafiti. Tukitaka sasa hivi..."

"Huyo nitamwambia mwenyewe," Baldo akasema. "Kwa kadi. Kila siku yeye ndiye anaandika. Sasa shusha hicho kitu, mkono utakufa."

Ndipo lango la nyumba ya kona likalia. Lango la mbele, lile lenye kutu ambalo watu walishasahau kama linafunguka. Doña Mireya akatoka na aproni yake, akasimama kando ya ukuta wake mweupe ambao chura alikuwa ameanza kuchungulia kwa jicho moja. Watu wakampisha bila kuambiwa. Akakunja mikono.

"Sijasikia vizuri," akasema. "Masikio ya uzeeni. Rudia."

Baldo akarudia. Yote, tangu lori hadi duka la mikate asubuhi. Safari hii alimtazama yeye, na hakuna aliyemsaidia neno. Alipomaliza, bibi akakunjua mikono.

"Mtungi wangu unaisha Jumanne," akasema. Akamtazama chini juu kama zamani wanawake walivyokuwa wanamtazama alipochelewa. "Uje mlango huu. Na ugonge, wasikie."

Akaingia. Lango akaliacha wazi. Yessenia akapita, akamfuata bibi yake bila kugeuka nyuma.

Jumanne Baldo alikwenda. Aligonga.